Mzunguko Mmoja na Robo

Ndeti alipofariki, Agosti ya mwaka wa tisini na nane, binti yake Mbinya alinipa kazi ya kuandika historia ya marehemu. Kwetu Ukambani mtu hazikwi kimyakimya. Hata kama hakuwahi kuvuka barabara ya Mombasa maishani mwake, lazima mtu asimame kando ya kaburi na karatasi, asome marehemu alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani na alilitumikia kanisa vipi, ndipo udongo uingie.

"Wewe ndiye mlikua pamoja, Baba Nzioka," aliniambia akiwa amesimama mlangoni pa gereji yangu hapa Salama. "Unamjua kuliko sisi."

Nilikubali. Ningekataaje? Nilinunua daftari, nikakaa juu ya injini kuukuu iliyo uani, nikaandika. Kuzaliwa, shule, tohara, kazi ya udereva Machakos, ndoa yake na Syombua mwaka wa sabini na moja, kuzaliwa kwa Mbinya miaka miwili baadaye. Mpaka themanini na tatu kalamu ilienda vizuri. Nilipofika themanini na nne ikakwama. Nilijua itakwama hapo, maana ni mimi niliyeikwamisha.

Naitwa Muthama, baba yake Nzioka, fundi wa magari. Enzi zile jina langu lilijulikana kutoka Malili mpaka Mtito Andei, na sikujulikana kwa unyenyekevu. Madereva walisema pikapu ikipita mikononi mwa Muthama haiachwi mlimani. Siri yenyewe ilikuwa ndogo. Kwenye pampu ya dizeli kuna skurubu inayopima mafuta yanayoingia kwenye injini. Kiwandani huifunga kwa waya mwembamba wenye muhuri wa madini ya risasi, maana yake usiguse. Mimi nilikuwa naukata ule waya, nazungusha skurubu, na gari linaanza kunywa mafuta zaidi na kuvuta kama fahali aliyefunguliwa zizini. Moshi mweusi ukitoka nyuma mwenye gari anacheka, na mimi nacheka.

Mtu mmoja tu hakucheka. Alikuwa Mursal, mfanyabiashara wa mbuzi kutoka upande wa Mwingi, aliyekuwa akishusha mifugo mpaka soko la Emali. Nilimfungulia pampu mwaka wa themanini na mbili. Kabla mwaka haujaisha alirudi kwangu mara mbili akivutwa kwa kamba, giaboksi imesagika.

"Fundi," alisema, "wewe umempa mbuzi mguu wa ngamia. Mguu unakimbia, mgongo unavunjika."

"Mzee Mursal, hiyo ni dereva wako," nikamjibu. "Anaingiza gia kama anapiga punda. Injini ni kitu ingine na giaboksi ni kitu ingine."

"Si zimefungwa pamoja?"

Nilimcheka. Mchunga mbuzi ananifundisha mimi giaboksi! Leo naona hakuna mwalimu aliyenifundisha kazi yangu kwa maneno machache kama yale. Nguvu ya injini haiishii kwenye injini. Inapita kwenye klachi, inapita kwenye shafti, inapita kwenye meno ya gia jino kwa jino, na meno yale yalitengenezwa kwa nguvu fulani, si zaidi. Ukiiongeza hayavunjiki siku hiyo. Yanavumilia. Yanapata ufa mwembamba kama unywele, yanaendelea kuvumilia, na siku yakivunjika wewe fundi uko mbali unakunywa chai. Aliyeshika usukani ndiye anayeulizwa.

Ndeti alikuwa dereva wa pikapu ya kanisa letu, lililo juu kwenye vilima vya Kilungu. Waumini waliichangia kwa harambee, na yeye akaiendesha kana kwamba kila mmoja wao ameketi kwenye boneti akimtazama. Hakukimbia. Kabla ya kuingiza gia alisubiri kidogo, ungedhani anaiomba ruhusa. Watoto waliokwenda shule kwa miguu walimtania kwamba watafika kwanza, naye akawapungia mkono. Mimi pia nilimtania. Tulikuwa rika moja, tumechunga pamoja na tumechapwa pamoja, na kumtania ilikuwa haki yangu.

Mwaka wa themanini na nne mvua haikuja. Njaa ile watu waliiita Nikwa Ngwete, yaani ninakufa huku nimeshika, kwa sababu hata mwenye pesa mkononi hakupata cha kununua dukani. Yakaletwa mahindi ya manjano ya msaada, malori yakayashusha Salama, na kanisa likapewa kazi ya kuyapandisha vilimani. Kazi hiyo ikawa ya Ndeti na pikapu. Ilibeba magunia kumi, ikaupanda mlima wa Kwa Ndululu kwa gia ya kwanza, ikinguruma kama mgonjwa. Siku nzima safari tatu. Huko juu watu walikuwa kwenye foleni tangu alfajiri, na kuna wazee walioketi kwenye foleni ile wasiinuke tena.

Mzee Mwangangi, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alinijia gerejini akiwa na uso wa msiba.

"Muthama, hiyo gari yetu inatembea kama kinyonga. Watu wanaisha huko juu. Hakuna kitu unaweza fanya?"

"Niachieni," nikasema.

Nataka nieleweke. Nilikuwa na huruma, tena huruma ya kweli. Mama yangu mzazi alikuwa kwenye ile foleni. Lakini huruma haikuwa peke yake. Ilikuwa imeketi benchi moja na kiburi. Iliniuma kuona gari la kanisa langu likiachwa mlimani na pikapu za nyanya ambazo mimi mwenyewe nilizifungua. Jumamosi moja Ndeti alileta gari nibadilishe oili, akaenda kula. Nikakata waya, nikaizungusha skurubu mzunguko mmoja na robo. Kwa magari ya watu wengine nilikuwa nikizungusha nusu tu.

Jumatatu pikapu ilipanda Kwa Ndululu na magunia ishirini, kwa gia ya pili. Wanawake walipiga vigelegele. Jumapili Mwangangi alisimama mimbarini akasema Mungu amelitia gari nguvu, nami nimeketi safu ya pili nikijiona kama mwenzake Mungu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Ndeti alinifuata nje baada ya ibada. "Muthama, umeguza nini kwa hii gari? Inavuta na hasira."

"Nimesafisha filta. Ilikuwa imejaa vumbi."

"Filta peke yake?"

"Wewe endesha. Mambo ya injini niachie mimi."

Alinitazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu ningemwambia angesema nirudishe. Alikuwa mtu wa namna hiyo, wa kusema gari lina nguvu zake lilizopewa. Na magunia ishirini yangerudi kuwa kumi. Ndivyo nilivyojiambia, na nusu yake ilikuwa kweli.

Gia ilivunjika wiki ya sita, Alhamisi moja ya Novemba, saa nne asubuhi.

Syombua, mke wa Ndeti, ndiye aliyesimamia kina mama waliokuwa wakipimia kila boma mahindi yake. Siku hiyo alipanda juu ya magunia pamoja na wanawake wengine wawili. Kwenye kona ya katikati ya mlima gia ya pili ikapasuka kwa mlio uliosikika mpaka madukani chini. Ndeti alikanyaga breki, akavuta na breki ya mkono. Lakini breki zile zilikuwa za magunia kumi, na gari halikuwa tena na gia ya kulishikilia. Lilisimama kidogo tu, muda wa wanawake wawili kuruka. Wa pili aliogopa, na Syombua ndiye aliyemsukuma ashuke. Halafu pikapu ikarudi nyuma, gurudumu likaingia mtaroni, ikalala ubavu, na magunia yakamfunika.

Nilipofika nilimkuta Ndeti akichimbua mahindi kwa mikono, akimwita mkewe kwa jina lake la usichana. Watu wa mlimani walikuwa wameteremka na mabeseni yao. Walisimama kando. Hakuna aliyegusa hata punje moja mpaka Syombua alipotolewa, akafunikwa leso, akabebwa. Hapo ndipo wanawake walipopiga magoti wakaanza kuokota, punje kwa punje, wakiokota huku wakilia. Hakuna aliyewalaumu na mimi siwalaumu leo. Ilikuwa njaa.

Pikapu ililetwa kwangu. Niliifungua giaboksi peke yangu, mlango nimeufunga, na mle ndani niliona kila kitu kama kimeandikwa. Jino la gia ya pili lilikuwa limekatika kutoka shinani. Mahali lilipokatikia, nusu ilikuwa nyeusi kwa oili, na nusu nyeupe inang'aa. Ile nyeusi ni ufa wa zamani, wa wiki nyingi. Ile nyeupe ni ya Alhamisi. Shafti ilikuwa imejipinda kama kamba iliyosokotwa. Nikatazama yale meno madogo ya kuingizia gia, ambayo dereva mbaya huyatafuna mpaka yabaki vigutu. Yalikuwa mazima, makali, kama yametoka kiwandani jana. Ndeti hakuwahi kuikosea gia ile hata siku moja.

Mtu atasema ni mzigo. Nimejiambia hivyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini mzigo ule usingeupanda mlima bila ile skurubu. Ungekataa chini pale, Ndeti angeteremsha magunia kumi, na Syombua angezeeka.

Kamati ilikutana kanisani na mimi nikaitwa nitoe maelezo ya kifundi. Ndeti alikuwa ameketi mbele yangu, nywele zimenyolewa kwa msiba.

"Fundi," akauliza Mwangangi, "kwa kazi yako, gia huvunjwa na nini?"

Nilikuwa nimekuja na nia ya kusema. Naapa nilikuwa nayo mpaka mlangoni. Halafu nikaona nyuso zile, nikamwona mama yake Syombua, nikawaza gereji yangu, na mdomo wangu ukasema: "Mara nyingi ni dereva."

Maneno manne. Wala si uongo, na huo ndio ubaya wake. Mara nyingi ni dereva. Mara ile haikuwa dereva. Ndeti alinitazama bila hasira, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kusema. Sikumalizia.

Wakaamua kwamba Ndeti aliendesha gari la Mungu kwa uzembe. Kanisa letu lina utaratibu wake: aliyekosa husimama mbele ya waumini siku ya Jumapili, akalitaja kosa lake, akatubu, akapewa mkono wa ushirika, mambo yakaisha. Asiyetubu huketi benchi ya nyuma kando ya mlango, hashiriki meza ya Bwana, wala hakuna kazi anayopewa. Mwangangi alimwambia kwa upole kwamba ni dakika tano tu.

"Siwezi kutubu kitu sijafanya," Ndeti akajibu. "Hiyo itakuwa dhambi ya pili."

Akaenda kuketi benchi ya nyuma. Aliketi hapo miaka tisa.

Mimi nilitafuta giaboksi nyingine, nikaifunga. Na kabla ya kulirudisha gari niliirudisha skurubu mzunguko mmoja na robo, nikafunga waya mpya. Dereva aliyefuata, kijana Ndolo, akalalamika kwamba gari limekuwa dhaifu tangu ajali, limezeeka ghafla. Watu wakasema gari nalo linaomboleza. Nikawaacha waseme.

Lakini jambo lililoniuma kuliko benchi lilikuwa Mbinya. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alisikia kanisani kwamba mama yake alikufa kwa uzembe wa dereva, na dereva ni baba yake, na baba yake amekataa hata kusema pole. Mtoto atafanya hesabu gani nyingine? Aliacha kumwita nau, neno letu la baba. Mamake mdogo, Mutindi, aliyekuwa na hoteli ya chakula Mtito Andei, akaja kumchukua, naye akaenda bila kugeuka. Kila Desemba Ndeti alipanda basi akaenda kumtazama. Kila Desemba alirudi kesho yake. Nilimwona stendi ya Salama, ameshika kikapu kitupu, na nilikuwa najificha chini ya gari mpaka apite.

Siku zilikwenda. Nilichaguliwa mzee wa kanisa, ndiyo, mimi. Niliacha kufungua pampu. Wateja walipouliza niliwaambia macho yameharibika.

Mwaka wa tisini na tatu Mbinya alipata mchumba, mwalimu kutoka Kitui, wa familia ya kanisa. Wazazi wa kijana walikuwa watu wa utaratibu: harusi ifungwe kanisani kwa bibi arusi, na baba yake amkabidhi. Baba aliye benchi ya nyuma hawezi kumkabidhi mtu. Mwangangi akasema njia ni ile ile, dakika tano.

Jumapili iliyofuata Ndeti aliinuka kutoka mlangoni. Alikuwa amevaa koti lake la harusi, limemlegea mabegani. Alitembea mpaka mbele, na Mbinya alikuwa ameketi pale na shangazi zake, uso mkavu.

"Mimi Ndeti," akasema, "niliendesha vibaya. Nilikuwa na haraka. Niliingiza gia vibaya ikavunjika, na Syombua akakufa kwa mkono wangu. Naomba Mungu anisamehe. Na mtoto wangu anisamehe."

Kanisa zima liliguna kwa kilio. Mbinya aliinuka akamkimbilia, akamwangukia shingoni, akalia akisema nau, nau, nau, kama anayelipa miaka tisa kwa pumzi moja. Waimbaji wakaanza wimbo. Nami, mzee wa kanisa, nikashuka kumpa mkono wa ushirika kwa kosa ambalo ni langu. Mkono wake ulikuwa mkavu, wangu umelowa jasho. Alinitazama vilevile kama siku ile ya kamati, akingoja. Nikasema, "Karibu nyumbani." Mungu wangu, ndivyo nilivyosema.

Wiki moja baada ya harusi nilishindwa. Nilimfuata nyumbani kwake mchana wa jua kali, nikamkuta akitengeneza ua, nikamwambia yote. Aliendelea kufunga fito mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Siku Ndolo alisema gari imekuwa mzee. Nikajiuliza, giaboksi mpya inazeesha injini namna gani? Nikajua kuna kitu ulikuwa umeweka, na umetoa."

"Na hukusema!"

"Nani angeamini dereva juu ya fundi? Na pia nilikuwa nangoja useme wewe. Kila Jumapili nilikuwa naona shingo yako pale mbele, nasema leo atasimama." Akakaza fundo. "Na mimi nina yangu. Nilijua hiyo nguvu si ya filta. Nikaendesha tu. Syombua alikuwa anafurahi tukifika mapema."

Nilimwambia nitasimama Jumapili hiyo hiyo. Nitasema mbele ya Mbinya na mbele ya wote. Hapo ndipo aliponigeukia, na kwa mara ya kwanza nikaona hasira.

"Usithubutu. Mtoto amenisamehe. Ameniita nau. Usiniharibie."

"Lakini amekusamehe kitu hukufanya."

"Amenisamehe. Imeisha. Wewe ulikuwa na miaka tisa ya kusema, Muthama. Sasa nyamaza."

Nikanyamaza. Nilidhani adhabu yangu ilikuwa ni hiyo, kutamani kusema na kukatazwa. Miaka mitano Ndeti alishiriki meza ya Bwana akiwa ameketi kando yangu, akacheza na wajukuu, akafa kwa ugonjwa wa sukari, kitandani kwake, binti yake amemshika mkono.

Basi kalamu ikakwama themanini na nne. Nilijiambia Ndeti amekufa, na agizo lake limekufa naye. Nilijiambia haiwezekani nisome kaburini kwamba mtu yule alikuwa mzembe. Jina lake lisafishwe walau akiwa bado juu ya ardhi. Alhamisi nilitoa ile gia ya pili, ambayo nilikuwa nimeificha miaka kumi na minne ndani ya debe la oili chafu, nikaifunga kwenye gunia, nikapanda Kilungu.

Mbinya alikuwa uani akichambua maharagwe ya waombolezaji. Niliketi kwenye kigoda, nikamweleza kuanzia Mursal na mbuzi wake mpaka lile neno langu, "Mara nyingi ni dereva." Nikamwonyesha jino, nikamwonyesha nyeusi na nyeupe. Alikishika kile chuma kwa mikono miwili, kikamchafua gauni.

"Yeye alijua?" akauliza.

"Alijua."

"Siku ile alisimama mbele ya kanisa, alijua si yeye?"

"Alijua. Alisimama kwa ajili yako."

Nilidhani atalia kwa furaha, au atanipiga. Ningependa anipige. Aliiweka gia chini, mkono ukarudi kuchambua maharagwe wenyewe, mabovu huku, mazima kule.

"Alikuwa anakuja Mtito Andei na kuku na mayai," akasema. "Kila Desemba. Nikimwona anashuka basi, mimi natoka na mlango wa jikoni, naenda nyuma kwa lodging ya wageni nakaa huko mpaka jioni. Mama mdogo anampa chakula, anakula peke yake, analala kwa bench, anarudi. Yale mayai nilikuwa nawapa mbwa, Baba Nzioka. Mbele yake. Mara tisa." Aliinua macho. "Alikuwa ananiangalia tu. Na alikuwa hana makosa."

Nililikunja lile gunia tupu magotini.

"Mimi nilikuwa nimelala vizuri miaka tano," akasema. "Nilikuwa nasema, angalau nilimsamehe mzee wangu. Sasa wewe umetua mzigo yako. Umetua wapi?"

Hapo ndipo nilipomwelewa Ndeti, na nilikuwa nimechelewa tena. Nilidhani alikuwa akiulinda ule msamaha wake. Alikuwa akimlinda mtoto asije akaijua siku kama hii. Na mimi, fundi hodari, nilikuwa nimekata waya mara ya pili mahali ambapo mtu alikuwa ameufunga kwa makusudi. Nilimwambia nitachoma yale niliyoandika, kwamba Jumamosi nitasoma vile watu wanavyojua.

"Hapana," akasema. "Soma ukweli. Hawezi kuzikwa na makosa yako. Umeandika nini hapa tisini na tatu?"

Nikafungua daftari nikamsomea: Mwaka wa 1993 alirudishwa kundini, na binti yake akamsamehe.

"Futa hiyo ya mwisho. Andika, yeye akamsamehe binti yake."

Niliandika mbele yake.

Jumamosi watu walijaa mpaka nje ya ua. Nilisoma. Nilipofika themanini na nne nilijitaja kwa jina, nikataja waya, nikataja skurubu, nikaitoa gia kwenye gunia nikaiweka juu ya udongo. Mzee Mwangangi, ambaye siku hizi anatembelea mkongojo, alifunika uso. Mama mmoja akaanzisha wimbo wa toba, wengine wakaitikia, mikono ikaanza kunyooshwa kwangu. Kanisa letu halina choyo ya msamaha, hasa pale aliyekosewa hawezi tena kusema. Niliwaomba wangoje, sijamaliza kusoma.

Nikasoma themanini na tano mpaka tisini na mbili, mstari mmoja tu: aliketi benchi ya nyuma. Nikafika tisini na tatu. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili hakuna kilichotoka.

Mbinya alikuja akaichukua karatasi mkononi mwangu. Akasoma yeye mwenyewe, polepole, kila mtu akasikia: "Mwaka wa 1993 alirudishwa kundini, na yeye akamsamehe binti yake." Halafu akanirudishia karatasi, akainama, akachukua udongo kiganjani, akauangusha ndani.

"Nau," akasema.